Utawala wa Kabaka Kalema (1888–1890) na Hatima ya Kiswahili Buganda: Mtazamo kutoka Bonde la Nakivubo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza utawala wa Kabaka Kalema, aliyeshika kiti cha Buganda kati ya Oktoba 1888 na Februari 1890, na nafasi yake katika historia ya Kiswahili nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba kushindwa kwa Kalema, wala si sera yake yoyote ya lugha, ndiko kulikokifanya Kiswahili kihesabiwe kuwa mali ya dini moja, ilhali kabla ya 1888 kilikuwa lugha ya kusomea ya Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja. Kwa kulinganisha na hatima ya Kiarabu baada ya kuanguka kwa Granada mwaka 1492, makala yanaonyesha jinsi lugha inavyoweza kuhukumiwa kwa kosa la utawala. Mwisho, makala yanapendekeza namna historia hii inavyopaswa kuzingatiwa katika utekelezaji wa sera ya sasa ya Kiswahili nchini Uganda.

1.0 Utangulizi

Bonde la Nakivubo limo katikati ya vilima vilivyobeba historia ya kisiasa ya Kampala. Upande wa magharibi kuna Mengo, makao ya Kabaka; nyuma yake Namirembe, penye kanisa kuu la Kianglikana, na Rubaga, penye kanisa kuu la Kikatoliki. Kampala Kongwe, alipojenga ngome yake Kapteni Frederick Lugard mwezi Desemba 1890, leo imebeba Msikiti wa Taifa. Kusini-mashariki kuna Kibuli, penye msikiti uliosimama juu ya ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, na kaskazini-mashariki kuna Nakasero, kilima cha serikali ya kikoloni. Kila kilima kina dini yake au dola yake. Bonde halina. Katika masoko ya Nakivubo na Owino, pamoja na mitaa jirani ya Kisenyi, mfanyabiashara wa viatu au nguo hukutana na wateja kutoka Kongo, Sudani Kusini, Kenya na pande zote za Uganda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazotumika kukubaliana bei.

Hali hiyo inazua swali ambalo watunga sera wa lugha nchini Uganda wamekuwa wakilizunguka kwa muda mrefu. Kwa nini lugha inayotumika kwa wepesi bondeni imekuwa ikikataliwa vilimani? Jibu linalotolewa mara nyingi hutaja wanajeshi: Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki katika miaka ya 1970 na 1980, kwa hiyo wananchi walikichukia. Jibu hilo lina ukweli, lakini linaanza hadithi katikati. Upinzani ulioandikwa dhidi ya Kiswahili Buganda ni mkongwe kuliko utawala wa Idi Amin kwa zaidi ya miaka 60. Makala haya yanarudi nyuma zaidi, hadi vita vya dini vya 1888–1892, na hasa utawala wa Kabaka aliyekuwa Mwislamu na aliyeshindwa.

2.0 Kiswahili Katika Ikulu ya Buganda Kabla ya 1888

Wafanyabiashara kutoka pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suna II katika miaka ya 1840. Ahmed bin Ibrahim, anayehusishwa na mwaka 1844, ndiye anayekumbukwa zaidi. Walileta nguo, bunduki, karatasi na dini ya Kiislamu, na walizungumza Kiswahili na Kiarabu. Suna alisikiliza mafundisho yao lakini hakuyashika. Mwanawe, Mutesa I, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1884, alikwenda mbali zaidi. Alijifunza kusoma na kuandika kwa hati ya Kiarabu, akazungumza Kiswahili, akafunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi kuanzia 1867, na akaamuru watumishi wake wajifunze sala. Hata hivyo hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka kumwagwa. Mwaka 1876 vijana wa ikulu walioukataa uongozi wake wa sala na nyama yake, wakisema kwamba asiyetahiriwa hawezi kuwa imamu wala mchinjaji wao, waliuawa Namugongo. Hao walitangulia kufa kwa ajili ya dini mahali pale pale ambapo miaka kumi baadaye, mwezi Juni 1886, waliuawa Wakristo kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Jambo la msingi kwa makala haya ni kwamba Ukristo nao uliingia Buganda kwa mlango wa Kiswahili. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875, mazungumzo yake na Mutesa yalifanyika kwa Kiswahili, na aliyebaki nyuma kumfundisha Kabaka Biblia alikuwa Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa UMCA Zanzibar. Wamisionari wa CMS waliofika 1877, na Mapadri Weupe waliofika 1879, walikuta ikulu ambamo mtu angeweza kuhubiri kwa Kiswahili na kueleweka. Alexander Mackay, aliyefika mwezi Novemba 1878, alifundisha kwa kutumia tafsiri za Kiswahili zilizotokana na kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar kabla matini za Kiganda hazijawa tayari. Mackay hakukiona Kiswahili kuwa hatari kwa imani yake. Alitarajia kwamba siku moja kingekuwa lugha moja ya kuunganisha Afrika ya Kati.

Ushahidi wa kipindi hicho haujapotea, kwa sababu umehifadhiwa ndani ya Kiganda chenyewe. Waumini wa kwanza wa dini zote waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na hadi leo kitenzi okusoma katika Kiganda hubeba maana mbili, kusoma kitabu na kwenda kuabudu. Shule ni essomero. Kitabu ni ekitabo, kalamu ni ekkalaamu, barua ni ebbaluwa, dini ni eddiini. Orodha hiyo haikuishia kwa Waislamu. Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896, inaita Injili Enjiri, nabii nnabbi, malaika malayika. Krismasi, sikukuu kubwa ya Wakristo, huitwa Ssekukkulu. Mkristo wa Buganda anayesema hana uhusiano wowote na Kiswahili hukanusha hayo kila anapofungua kitabu chake cha ibada.

3.0 Utawala wa Kalema

Mwezi Septemba 1888 wasomaji wa dini zote tatu waliungana kumpindua Mwanga, baada ya kuamini kwamba alikusudia kuwapeleka kisiwani ziwani ili wafe njaa. Waliomweka kitini ni Kiwewa, mwana wa Mutesa, na vyeo vikagawanywa baina ya makundi. Umoja huo ulidumu takriban mwezi mmoja. Tarehe 12 Oktoba 1888 Waislamu, wakisaidiwa na wafanyabiashara wa pwani wenye silaha, waliwafukuza viongozi wa Kikristo kutoka mji mkuu, na wamisionari wakaondolewa nchini. Wakristo wengi walikimbilia Kabula, katika himaya ya Nkore. Kiwewa alipokataa kutahiriwa na kuwageukia Waislamu waliomweka, alikimbia, na mwishoni mwa mwezi huo huo Kalema, ndugu yake, akatawazwa.

Kalema alikubali tohara, na kwa kitendo hicho akavuka mpaka ambao Mutesa hakuuvuka. Kwa mara ya kwanza Buganda ilikuwa na Kabaka aliyekuwa Mwislamu kwa vigezo vya Waislamu wenyewe. Lakini dola aliyoiongoza ilibaki dola ya Buganda. Vyeo vya Katikkiro, Mukwenda, Ssekiboobo na vinginevyo havikubadilishwa majina, vilibadilishwa watu. Siasa ya ikulu iliendelea kuwa siasa ya koo, ardhi na upendeleo wa Kabaka. Kiislamu kilikuwa kitambulisho cha kundi lililotawala, lakini lugha ya utawala ilikuwa Kiganda, kama ilivyokuwa kabla yake na kama itakavyokuwa baada yake.

Haitakuwa haki kuusafisha utawala huo. Mwaka 1889, akihofu kwamba maadui zake wangempata mwana wa kifalme wa kumtawaza, Kalema aliamuru kuuawa kwa wana wengi wa kifalme, wanaume kwa wanawake, akiwamo Kiwewa. Kumbukumbu ya mauaji hayo imebaki kuwa doa kubwa zaidi katika jina lake, na imewapa wapinzani wake hoja ambayo haikuhitaji kutiwa chumvi. Hata hivyo mauaji ya wana wa kifalme yalikuwa mbinu ya zamani ya ukabaka. Hayakutokana na Uislamu, wala na Kiswahili.

Vita viligeuka mwaka huo huo. Mwanga, aliyekuwa amekimbilia kusini mwa ziwa, alipatana na Wakristo, akasaidiwa kwa silaha na mashua ya Charles Stokes, mfanyabiashara aliyekuwa zamani katika misheni ya CMS. Mwezi Oktoba 1889 Wakristo waliuteka mji mkuu na Mwanga akarudi Mengo. Mwishoni mwa Novemba Waislamu waliuteka tena. Mwezi Februari 1890 walishindwa kwa mara ya mwisho na kurudi nyuma hadi mpakani mwa Bunyoro, walikokuwa wakiungwa mkono na Omukama Kabalega. Huko Kalema alifariki kwa ndui. Uongozi ulishikwa na Mbogo, ndugu wa Mutesa.

4.0 Kushindwa Kulivyogeuzwa Kuwa Hati

Mshindi katika vita vya dini Buganda hakuishia kushika mji. Aliandika mikataba. Lugard alipowarudisha Waislamu mwaka 1892, baada ya Waprotestanti na Wakatoliki kupigana wao kwa wao Mengo tarehe 24 Januari, aliwapa majimbo matatu madogo. Mwaka 1893, kufuatia tuhuma kwamba askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Selim Bey walikuwa tayari kushirikiana na Waislamu, walipunguziwa na kubakiwa na Butambala pekee. Mbogo akapelekwa Zanzibar, akarejea 1895. Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900 ulithibitisha hali hiyo. Kati ya majimbo 20, Waislamu waliongoza moja. Mbogo, kwa niaba yake na wafuasi wake, alipewa maili 24 za mraba, katika mgao uliowapa machifu wakubwa na makanisa sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda.

Matokeo ya mgao huo kwa elimu yalikuwa makubwa. Ardhi ya mailo na vyeo vilikwenda pamoja na shule, na shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Namilyango ilifunguliwa 1902, Gayaza 1905, Budo 1906. Mtoto wa mshindi alisoma kwa Kiganda na Kiingereza, akawa chifu au karani. Mtoto wa aliyeshindwa, akiwa na shaka ya kupoteza dini yake katika shule ya misheni, mara nyingi aliingia katika biashara ndogo, uchinjaji, udereva na ushonaji, yaani kazi za mjini na za barabarani ambako Kiswahili kilikuwa na manufaa. Kwa njia hiyo mgawanyiko wa kijeshi uligeuka mgawanyiko wa kitabaka, na huo ukageuka mgawanyiko wa lugha. Kiswahili kiliteremka kutoka ikulu ya Mutesa hadi bondeni, na waliobaki juu wakaanza kukitazama kama lugha ya watu wa chini.

Mabadiliko ya fikra yanaonekana wazi ndani ya misheni ile ile ya CMS. Mackay alikitamani Kiswahili. Askofu Alfred Tucker, aliyefika mwaka wa vita vya mwisho, 1890, na kuandika kumbukumbu zake mwaka 1908, alikubali kwamba lugha moja kwa Afrika ya Kati ingekuwa jambo jema, lakini akakikataa Kiswahili waziwazi kwa sababu alikiunganisha na Uislamu, akakipendekeza Kiingereza badala yake. Lugha haikubadilika kati ya Mackay na Tucker, wala sarufi yake haikuongezewa imani. Kilichokuwa kimetokea baina yao ni utawala wa Kalema na vita vya kuuangusha.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipopendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala wa Uganda, upinzani ulikuwa umekwisha kuiva. Kabaka Daudi Chwa aliandika kuupinga mwaka 1929, na viongozi wa makanisa nao waliupinga. Sababu zao hazikuwa za dini tu. Waganda walihofu kwamba lugha moja ingekuwa hatua ya kuelekea muungano wa kisiasa na Kenya ya walowezi, na walitaka kulinda hadhi ya Kiganda. Hofu hizo zilikuwa na msingi. Lakini hoja ya siasa ilipata nguvu kwa kuwa ilipandwa katika udongo uliokwisha kulimwa. Amri ya 1973 ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa, chini ya rais Mwislamu mwenye jeshi lililozungumza Kiswahili, iliamsha kumbukumbu iliyokuwapo, haikuianzisha.

5.0 Kioo cha Granada

Historia ya Rasi ya Iberia inatoa kioo cha kujitazama. Dola ya mwisho ya Kiislamu huko, Granada, ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1492, pale Abu Abdallah Muhammad XII, anayejulikana kwa Wahispania kama Boabdil, alipokabidhi mji kwa Ferdinand na Isabella. Mkataba uliahidi kwamba watu wake wangebaki na dini na sheria zao. Ahadi hiyo ilivunjwa katika kipindi cha miaka kumi, wakalazimishwa kubatizwa. Mwaka 1567 Mfalme Philip II alitoa amri ya kukataza Kiarabu, kwa kusema na kwa kuandika, akiwapa watu miaka mitatu kujifunza Kikastilia. Uasi ulifuata mwaka 1568, na kati ya 1609 na 1614 wazao wa Waislamu hao walifukuzwa nchini.

Dhidi ya amri ya 1567 mzee mmoja wa Granada, Francisco Núñez Muley, aliyekuwa Mkristo mwenye asili ya Kiislamu, aliandika waraka wa kuitetea lugha yake. Hoja yake kuu ilikuwa nyepesi kueleweka: wapo Wakristo wa Mashariki wanaozungumza na kuomba kwa Kiarabu, na hakuna anayetilia shaka Ukristo wao, kwa hiyo lugha si dini. Hakusikilizwa. Lakini Kihispania chenyewe kilitoa ushahidi upande wake. Sukari ikaendelea kuitwa azúcar, mafuta aceite, meya alcalde, maneno yote yenye asili ya Kiarabu.

Kesi hizi mbili zinatofautiana kwa mengi. Al-Andalus ilidumu karibu karne nane; utawala wa Kalema haukufika miaka miwili. Kiarabu cha Granada kilikuwa lugha ya mama ya watu wake. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya Waganda wengi. Buganda haikuwa na amri ya kukataza Kiswahili wala haikuwafukuza Waislamu wote. Ufanano upo katika mantiki. Katika kesi zote mbili utawala ulishindwa vitani, dini ya utawala ikawekewa mipaka kwa hati, kisha lugha iliyohusishwa na dini hiyo ikashtakiwa kana kwamba ndiyo iliyopigana. Na katika kesi zote mbili msamiati wa mshindi ulibaki umejaa maneno ya lugha aliyoikataa.

6.0 Maana kwa Sera ya Sasa

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mjadala wa utekelezaji kwa kawaida huhusu walimu, vitabu na bajeti, na mahitaji hayo ni ya kweli. Lakini mwalimu na kitabu vikipatikana, bado atakuwapo mzazi anayeamini kwamba lugha hiyo ni ya wengine. Historia iliyoelezwa hapa inaelekeza mambo manne.

Kwanza, Kiswahili kisiwasilishwe Buganda kama mgeni anayeletwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki pekee. Hoja ya soko la pamoja ni sahihi, ila humfanya msikilizaji adhani kwamba jambo hili limeanza juzi. Mtaala wa historia na wa lugha ueleze kwamba wasomaji wa kwanza wa Buganda, wakiwamo wale wanaoheshimiwa na makanisa, walianza kusoma kwa msaada wa Kiswahili.

Pili, msamiati wa pamoja uwe daraja la kufundishia. Mwanafunzi anayejua ekitabo, ebbaluwa na essaawa haanzi somo akiwa mikono mitupu. Vitabu vya kiada vinavyoanza na maneno hayo vitampa mwanafunzi msamiati anaoutambua, na vitamwonyesha mzazi kwamba lugha mbili hizi zimekaa nyumba moja kwa zaidi ya karne na nusu.

Tatu, uhamasishaji usiachiwe taasisi za dini moja wala vyombo vya ulinzi peke yake. Kila mara Kiswahili kilipobebwa na upande mmoja, kimeanguka pamoja na upande huo. Namirembe, Rubaga na Kibuli zikizungumza pamoja, zitakuwa zinarudia hali iliyokuwapo kabla ya Oktoba 1888, na ujumbe wake hautapuuzwa kirahisi.

Nne, utawala wa Kalema uandikwe upya kwa uadilifu. Masimulizi yaliyoenea zaidi yametokana na kalamu za washindi, wakiwamo Apolo Kagwa, aliyepigana upande wa Waprotestanti kisha akawa Katikkiro, na wamisionari. Kazi za watafiti kama Arye Oded na A.B.K. Kasozi zimefungua njia ya kusikiliza upande wa pili. Kuandika upya hakumaanishi kumtetea Kalema dhidi ya damu ya ndugu zake. Kunamaanisha kutenganisha makosa ya mtawala, imani ya kundi lake, na lugha ambayo haikuwa na hatia katika yote mawili.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba Kalema hakukiweka Kiswahili katika kiti cha lugha ya dola, lakini kuanguka kwake kulikiondoa katika nafasi iliyokuwa ya wote. Kabla ya vita, Kiswahili kilikuwa chombo cha maarifa kwa dini tatu. Baada ya vita na mikataba iliyofuata, kilihesabiwa kuwa alama ya dini moja na, baadaye, ya tabaka la chini na ya jeshi. Sera ya 2022 inakabiliana na hukumu hiyo ya zamani, hata pale ambapo waandishi wake hawaitaji. Masoko ya Nakivubo yanaonyesha kwamba hukumu hiyo haijawahi kutekelezwa kikamilifu: huko watu wa vilima vyote wanaendelea kununua na kuuza kwa lugha wanayoelewana. Kazi iliyobaki ni kuieleza shule jambo ambalo soko halijalisahau.